Sikukuu Mbili kwa Mbuzi Mmoja

Mwongozo huu ni wa baba wa familia wa Salamabila, Maniema, ambaye mke wake ameshaona kwenye simu watu wa Lubumbashi wakikata gato, na sasa anauliza kwa ule upole wa kutisha: "Baba Fulani, sisi yetu ni lini?" Usikimbilie kareyeri. Kaa, tupange.

Kwanza tarehe. Ya kuzaliwa ndiyo nyepesi, kwa hiyo anza nayo: muulize mama. Atakuambia ulizaliwa mwaka ule Maniema ilipotolewa kwenye Kivu ikawa mkoa wa peke yake, wakati wa kuvuna mpunga, siku ambayo baba yako hakuonekana nyumbani. Hapo umepata mwaka, 1988, umepata msimu, na umefufua kesi ya baba yako. Shangazi atapinga: Maniema inakuwa mkoa, wewe ulikuwa unatembea tayari na kumwaga maji ya watu. Usiamue kati yao. Toa kadi ya uchaguzi. Nchi hii haijahesabu watu wake tangu 1984, basi aliyekuzaa rasmi ni yule karani wa uchaguzi mwenye foleni hadi barabarani. Siku aliyoandika ndiyo siku yako. Ni kweli hakuwapo ulipozaliwa, lakini hata wewe hukumbuki chochote.

Tarehe ya ndoa ni kazi nyingine, maana hukuoa siku moja. Kuna siku ulipowatuma wazee na posa. Kuna siku ya mahari ya kwanza. Kuna usiku ule alioingia kwako na sanduku lake, ambao wewe unauita ndoa na wakwe wanauita kwa jina jingine. Kuna nikahi, au misa. Na kuna siku ya kwenda kuandikisha kwa serikali, ambayo bado inakuja. Dawa ni moja: weka ndoa kwenye siku ile ile ya karani. Sikukuu mbili, shitingi moja, mbuzi mmoja. Mke akiuliza sikukuu yake ya kuzaliwa imekwenda wapi, mwambie ndoa yote ni yake. Sema hivyo ukiwa umesimama karibu na mlango.

Siku yenyewe inaweza kusogea. Kampuni ya Banro ilipokuwa inachimba dhahabu Namoya, sherehe nyingi zilijikuta mwisho wa mwezi, na hakuna aliyeshangaa. Tangu kampuni isimamishe kazi 2019, sherehe inafuata shimo: shimo likitoa, tarehe imefika. Watu wanaopima dhahabu kwa vijiti vya kiberiti hawatakuhukumu kwa wiki mbili mbele au nyuma.

Sasa jina la sherehe, maana huku huwezi kuita watu kuja kukutazama ukizima mshumaa. Kwa shehe, hii ni dua ya shukrani. Atakuja, atasoma, atakula wali, na akiona gato ataliita sadaka. Kuna shehe mwingine atakayesema kusherehekea kuzaliwa si sunna. Huyo usijadiliane naye habari za Maulidi, mpe soda ya baridi. Kwa watu wa parokia, sema ni sala ya shukrani. Kwa rafiki zako wa shimoni sema "kuna kitu nyuma ya nyumba", nao watajua bia za Primus ziko wapi bila kuonyeshwa.

Viti vya plastiki utaazima msikitini na kanisani. Andika idadi pembeni, usichanganye rangi. Grupu ya umeme utaazima kwa mtu atakayekuambia ni nzima. Ni nzima, ila ina tabia: inazimika mtu mkubwa akishika mikro. Anza mchana, watu wafike kwao kabla ya giza. Huku hakuna anayehitaji kuelezwa sababu.

Gato linapikwa hapa hapa, kwenye sufuria, makala chini na makala juu ya kifuniko. Litatoka limeinama upande mmoja kama kofia. Mgeuze mpiga picha, usigeuze gato. Vimishumaa vidogo vya rangi havipatikani kila siku, kwa hiyo chomeka buji moja ya dukani, ile ile tunayowashia nyumba. Ina faida yake: hakuna atakayehesabu miaka yako.

Vijana watakumwagia maji, ndiyo desturi yao. Kabla hujacheka, tazama bidoni waliyoshika. Ikiwa ni ile ya lita 20 ambayo mama mwenye nyumba aliitoa kisimani alfajiri akaiweka kwa ajili ya wali, sherehe ya ndoa imekwisha, endelea na ya kuzaliwa peke yako.

Nyama gawa mwenyewe. Mpishi akigawa, ini litakwenda kwa mtu asiye na cheo, na utalisikia kwenye mazishi ya mwaka ujao.

Sasa jambo zito. Mwenye mikro atakapofungua maneno ya familia, mjomba wa mke atasimama bila kuitwa. Atakusifu. Mkwe mpole, mkwe mchapakazi, mkwe asiyepiga kelele. Sifa zikirefuka, jua mbuzi anakaribia. "Mkwe wetu, miaka yote hii tunakula kwako, tunashukuru. Ila ukoo unakumbuka mbuzi wawili na kitenge cha mama mkwe." Makofi. Grupu, ambayo imezimika mara nne, hapo haitazimika.

Sheria iko upande wako kidogo: Kanuni ya Familia ya 1987 inaridhika sehemu ya mahari ikitolewa kabla ya ndoa kufungwa. Usiitaje. Anayesomea wakwe sheria kwenye mikro huongezewa faini ya kuku. Usiseme "nitalipa" pia, maana utaulizwa mwezi gani, na watu wale wale walioshindwa kukubaliana ulizaliwa mwaka gani wataishika tarehe hiyo mpaka watoto wao wairithi. Sema: "Mjomba, neno lako nimelipokea kwa mikono miwili." Kisha mwombe mwenye sono aweke muziki, upesi.

Zawadi ziandikwe kwenye kaye: nani kaleta beseni, nani kitenge, nani kuku, nani kaleta sauti ya WhatsApp kutoka Bukavu ya dakika saba bila hata faranga moja. Huyo mwandike kwa kalamu nyekundu, ana watoto wa kuoza.

Asubuhi rudisha viti, hesabu vijiko, tafuta sufuria ya jirani. Mjomba utamkuta bado amekaa barazani na mswaki mdomoni. Mpe chai. Usimuulize anaondoka lini; muulize amesikia nini kuhusu barabara ya Kasongo. Akijibu kwamba daraja limeharibika, mwambie mama aongeze unga.