Barua kwa Mheshimiwa Ambaye Hajateuliwa Bado

Mheshimiwa Mpangaji wa Burudani,
Bwawa la Mindu,
Morogoro.

YAH: KULIFURAHIA BWAWA KABLA HALIJAISHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Najua hujateuliwa, na pengine ofisi yako haijaundwa. Nawahi tu, kwa sababu penye maji na lami hapakosi mtu mwenye ramani ya banda la nyama choma, na Mindu ina vyote viwili: maji wanayokunywa watu wa Morogoro, na barabara kuu ya Iringa inayopitisha wageni wa Mikumi na kiu zao.

Kipo kikwazo kidogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bwawa. Usihangaike. Kapime Oktoba. Maji yatakuwa yamerudi nyuma, utaanzia kwenye tope lililokauka, na banda litasimama kihalali kabisa. Masika yakiingia, bwawa litakuja kudai eneo lake, na wateja watakula mishikaki miguu ikiwa majini bila kutozwa nyongeza. Wakorofi watadai upime kutoka pale maji yanapofika yakijaa kabisa, tena kabla hujachora chochote. Waambie kikao kimeahirishwa.

Vyoo viwe karibu, mgeni asitembee. Mvua kubwa ikinyesha, mashimo yatajisafisha yenyewe kuelekea bwawani, mwani upate mbolea, na mtambo wa kusafisha maji upate sababu ya kuomba bajeti. Waogeleaji nao wakaribishwe. Konokono wanaobeba kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye majani kando. Kinachosubiriwa ni mkojo wa mgonjwa mmoja, na ukiwa na baa, mkojo hautakuwa tatizo.

Matete yafyekwe, yanaziba mandhari. Ni kweli hunasa udongo na kuficha viota vya ndege, lakini ndege hawanunui soda. Na udongo usikutishe. Kila masika mvua huuteremsha kutoka mashamba ya miteremko ya Uluguru, bure, bila zabuni. Bwawa likishajaa tope, awamu ya pili ya mradi itakuwa uwanja wa mpira.

Utaletewa pia mpango mwingine, wa watu wasiojua starehe. Njia ya miguu inayopita nyuma ya miti. Jukwaa la mbao la kutazamia ndege. Mitumbwi ya makasia badala ya boti za injini, kwa kuwa mafuta yakimwagika yataishia kwenye ndoo za watu. Wavuvi wa ndoana wenye leseni. Vyoo vya matangi yanayonyonywa na gari na kumwagwa mbali. Idadi ya wageni yenye kikomo, na sehemu ya viingilio ipande mlimani kwa wakulima wanaozuia udongo.

Hapo mlimani ndipo penye kazi, Mheshimiwa. Wakoloni waliwahi kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta, na mwaka 1955 wakapata ghasia. Kwa hiyo itabidi ukae na wakulima, uwasikilize, uwalipe wanachostahili, urudi tena mwakani. Kazi hiyo haina utepe wa kukata wala kamera. Banda la nyama choma hufunguliwa kwa siku moja na hotuba mbili.

Kama utachagua banda, naomba jambo moja tu: kwenye uzinduzi, meza kuu isiletewe maji ya chupa. Iwekewe jagi lililochotwa palepale kando ya jukwaa, nanyi wageni rasmi mtangulie.

Wako mtiifu,
Mnywaji.

Nakala: Wakazi wa Dar es Salaam. Mtaletewa na Mto Ngerengere utokao bwawani, utakaoikabidhi kwa Ruvu, nao Ruvu utaifikisha hadi bombani.