Pima Maji

Jana asubuhi, Upanga, jijini Dar es Salaam, bibi mmoja mwenye ufagio wa chelewa aliniuliza mbele ya mtaa mzima: "We kijana, mnabomoa lini?" Mpaka sasa uso unaniwaka.

"Shikamoo bibi. Napiga picha tu."

"Marahaba. Picha ya nini? Nani kakutuma?"

Kilichoniponza ni pima maji, ile ya fundi uashi, niliyoilaza juu ya kamera. Ukiinua kamera kutazama ghorofa, kilele cha jengo kinakuwa mbali nawe kuliko msingi, kwa hiyo kinatoka kidogo; kuta zinasogeleana na nyumba inaonekana kama inataka kulala chali. Dawa yake ni kuiacha kamera wima kabisa, kisha kuipandisha lenzi peke yake, iteleze milimita chache tu. Lenzi ya namna hiyo inachora duara kubwa kuliko picha inavyohitaji, ndiyo maana ina nafasi ya kutembea: paa linaingia, lami inatoka, kuta zinasimama. Uzuri ulioje! Lakini kamera ikiinama kidogo tu, kazi imeharibika. Basi unafunga jicho moja, unakodolea kipovu cha pima maji, unarekebisha stendi, unakodoa tena.

Katika mji huu, anayefanya hivyo mbele ya nyumba za watu ni mpimaji, na nyuma ya mpimaji huja katapila.

Mlinzi akaikumbatia stendi yangu. Balozi wa nyumba kumi akaitwa, akadai kibali, nami nikaonyesha picha kujitetea. Bibi akaitazama kwa muda mrefu.

"Hii si nyumba yetu," akahukumu. "Yetu imepinda. Hii ndiyo ramani ya hilo jipya."

Nikasindikizwa hadi barabarani na watoto wakiimba "Bomoa! Bomoa!"

Nilipohamia Kariakoo, muuza suruali alinidai elfu mbili kwa kuwa sanamu lake la kuonyeshea nguo limetokea kwenye picha.

Jangwani hakuna aliyenisumbua. Wengi wa wenye haki ya kuuliza walivunjiwa nyumba Desemba 2015, kuta zikiwa zimepigwa X nyekundu.

Bibi yule namwelewa, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Sheria ya 1971 ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakaenda kwa Msajili wa Majumba. Upanga wapo waliolala wenye nyumba wakaamka wapangaji. Siku hizi ghorofa za zamani zenye veranda na matofali ya matundu zinapisha minara ya vioo. Mtu wa kwanza kuikagua nyumba yako kwa makini, mjini hapa, mara nyingi hajaja kwa sababu ameipenda.

Lakini mimi nimedaiwa kibali kwa kutazama. Katapila litakuja na kibali chake mfukoni, kimegongwa mihuri, na hakuna atakayelikumbatia.