Boliti Imekatikia Ndani: Mwongozo kwa Mwenye Probox

Ukisikia fundi aliye chini ya gari akisema "imekatikia ndani", achana na bei ya boliti. Boliti ni kitu cha pesa kidogo. Utakacholipia ni kutwa nzima ya mtu aliyelala chali, vumbi la kutu likimwingia machoni, akibembeleza chuma kisichosikia lugha yoyote, iwe Kibukusu, Kisabaoti au matusi. Nakuandikia mwongozo huu ili kutwa hiyo iwe moja, isiwe tatu, na ili gari likitoka gereji liende Bungoma na kurudi Kitale magurudumu yote yakiwa na nia moja.

Boliti ninayoisema ni ile inayoushika mkono wa chini wa gurudumu la mbele, loa-amu kwa lugha ya gereji, kwenye krosmemba, ile fremu ya chuma iliyo chini ya injini. Mkono huo una boli-jointi upande wa gurudumu na bushi mbili upande wa ndani. Kila bushi ni raba iliyogandishwa kwenye kibomba cha chuma, na boliti hupita ndani ya kibomba hicho. Dereva akikanyaga breki anaposhuka kwenda daraja la Kamukuywa, huku nyuma kuna watu, magunia na jogoo asiyelipa nauli, boliti hizo ndizo zinazolizuia gurudumu lisirudi nyuma na kuingia kwenye bodi. Hakuna kitu kingine cha akiba kinachofanya kazi hiyo.

Dalili zake dereva huzijua kabla hajazikubali. Gari hugonga kila linapopanda tuta. Stiringi huvuta upande mmoja wakati wa breki. Tairi huliwa ukingo wa ndani peke yake, na mwenye gari humlaumu aliyemuuzia tairi. Ukifikia hapo, gari halihitaji redio ya sauti kubwa zaidi. Lipeleke likaangaliwe.

Kutu yenyewe ina safari ndefu. Toyota Probox ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002, na hadi leo nyingi tunazoendesha zimetumika huko kwanza. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, kwa hiyo mengi hushushwa Mombasa yakikaribia umri huo. Lililotoka Hokkaido au wilaya nyingine za kaskazini limepita kila mwaka kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi ya kuyeyusha theluji. Chumvi hiyo huingia kwenye viungo vya chini na kutulia. Likifika Trans Nzoia linakutana na msimu wa mahindi: Machi linabebeshwa mbolea ya DAP ya kupandia, baadaye CAN ya kukuzia, na gunia likipasuka punje hupenya chini ya zulia na kwenye matundu ya sakafu. CAN huvuta unyevu hewani yenyewe, na maji yake hula chuma. Juu ya hayo kuna mvua yetu inayoanza Machi au Aprili na kuendelea hadi karibu Novemba, na udongo mwekundu unaoganda juu ya krosmemba na kushika maji kama sponji. Kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa. Ndani ya kibomba cha bushi, ambamo boliti iliingia kwa kuteleza, sasa hapana nafasi hata ya unywele.

Basi kazi ianze, na kitu cha kwanza kutolewa ni washauri. Gereji yoyote ya jua kali, iwe Kitale, Kanduyi au Kimilili, gari likiinuliwa tu huota watu pembeni. Kuna anayesema "piga nyundo". Kuna anayesema "ongeza paipu". Kuna aliyewahi kuona kazi hii ikifanywa Eldoret kwa dakika tano. Wasalimu kwa heshima zote, kisha waombe wasogee, kwa sababu nyundo na paipu ndivyo vilivyoikata boliti ya gari la jirani wiki iliyopita.

Kabla ya spana, simamisha gari ipasavyo. Jeki ni ya kuinulia. Haikutengenezwa kumlinda mtu aliyelala chini yake. Weka stendi za chuma, na kama ardhi imelowa tanguliza kipande cha ubao mnene ili stendi isizame. Usitumie tofali la saruji: hubeba mzigo vizuri kabisa hadi sekunde linapopasuka, na halitoi onyo. Gurudumu ulilolitoa lilaze chini ya kizingiti cha mlango. Likianguka gari, litaangukia tairi, na fundi atarudi nyumbani kwa watoto wake. Sehemu hii sitaki mtu aifupishe.

Sasa piga brashi ya waya kwenye meno yote ya boliti yanayoonekana, upande wa nati na upande wa kichwa, hadi uone chuma. Halafu nyunyiza mafuta ya kupenya. WD-40, kopo ambalo kila gereji inalo hata kama limebaki hewa, ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 kwa kazi ya kufukuza maji, na jina lake linahifadhi jaribio la 40 lililofaulu. Ni nzuri, ila mafuta yaliyotengenezwa hasa kwa kupenya kutu hufanya kazi vizuri zaidi, ukiyapata. Yoyote utakayotumia, dawa yenyewe ni muda. Nyunyiza jioni, gongagonga kichwa cha boliti kwa nyundo ndogo ili mafuta yapate njia, nyunyiza tena, kisha uende nyumbani.

Hapa ndipo mwenye gari na fundi hukosana.

"Mzee, hii imeshikana. Tuipe usiku."

"Fundi, kesho nina abiria wa Bungoma."

"Basi kesho watapanda lingine, mzee."

Fundi anayejibu hivyo ashikwe mkono na apewe chai. Amekataa pesa ya leo ili akutunzie gari, na wengi wetu tungemhama twende kwa anayesema "dakika kumi tu".

Asubuhi tumia soketi ya pembe sita inayokaa kamili. Spana ya mdomo wazi hushika pande mbili tu, na ikiteleza hula kichwa cha boliti na ngozi ya vidole kwa pamoja. Jaribu kwanza kukaza kidogo, kwa kiasi cha kusikia tu ikilia, ndipo ulegeze. Ikisogea robo, irudishe, ongeza mafuta, isogeze tena. Kwenda na kurudi huko husaga kutu na kuitoa nje. Kuvuta upande mmoja bila kusikiliza huipakia mbele ya meno hadi boliti ikatike. Mkono wa fundi mzuri huhisi tofauti: boliti inayolegea huachia kwa mlio, inayokaribia kukatika hulainika kama inakubali. Ikilainika, acha.

Ikikataa kabisa, ita moto. Gesi ya kuchomelea ikielekezwa kwenye nati huitanua kuliko boliti iliyo ndani, na kutu hupasuka. Lakini kumbuka kilicho jirani: raba ya bushi, paipu ya breki na mabomba ya petroli yanayopita chini ya sakafu. Kinga kwa bati, weka ndoo ya mchanga na mtungi wa kuzimia moto karibu, na asiwepo mtu anayenyunyiza mafuta kwenye chuma kilichopata moto. Boliti iliyopata wekundu wa moto imepoteza ugumu iliopewa kiwandani. Hata ikitoka nzima na kung'aa, kazi yake imekwisha.

Wakati mwingine boliti inazunguka lakini haitoki. Hapo imegandana na kibomba cha bushi, na unachozungusha ni raba. Usipoteze siku. Kama utanunua mkono mpya, ingiza msumeno wa chuma au grainda kati ya bushi na krosmemba, ukate pande zote mbili. Utapoteza boliti na bushi, vitu ambavyo ungevibadilisha hata hivyo. Kwenye baadhi ya magari boliti haipati nafasi ya kutoka mpaka krosmemba ishushwe kidogo. Angalia njia yake yote kabla ya kuanza kuivuta.

Na ikishakatikia ndani, ikabaki kipande kwenye nati iliyochomelewa kwenye krosmemba, ujanja bora ninaoujua ni wa wachomeleaji wetu wenyewe. Toa waya za betri, zote mbili, kwa sababu umeme wa kuchomelea unaweza kuua alteneta na kompyuta ya gari. Weka nati juu ya kisiki kilichobaki na uchomelee kupitia katikati ya nati hadi vishikane. Subiri wekundu uishe, kisha shika nati kwa spana na uzungushe taratibu. Joto limekwisha kuvunja kutu, na nati imekupa kichwa kipya. Ikikatika tena, chomelea tena. Nimeona kisiki kikitoka baada ya nati kadhaa kukataa, na fundi akaibusu ile ya mwisho.

Hilo likishindikana, toboa. Piga alama ya katikati kabisa, anza na biti ndogo, panda polepole. Kwa boliti ya milimita 12 yenye meno yanayoachana kwa milimita 1.25, toboa hadi karibu 10.8, kisha safisha meno kwa tapu. Ukitoboa kando ya katikati, umeharibu meno ya nati, na njia ya heshima iliyobaki ni kutafuta krosmemba nyingine iliyotoka Japani. Njia isiyo ya heshima ni kuchomelea mkono moja kwa moja kwenye krosmemba, au kupanua tundu na kuingiza boliti yoyote inayoenea. Mtu akikupendekezea hilo, chukua funguo zako.

Sasa nifike mahali panaponikosesha usingizi kuliko kutoa: kurudisha. Kutoa boliti kuna kelele na jasho, kila mtu anakuona ukifanya kazi. Kurudisha ni kimya na haraka, na hapo ndipo gari huharibiwa. Kitale ni mji wa trekta na Bungoma ina trela za miwa za kiwanda cha Nzoia, kwa hiyo duka la vifaa lina boliti za kila unene. Mwenye duka atakupimia kwa jicho na kusema "hii ni sawasawa". Geuza kichwa chake usome. 8.8 au 10.9 ni boliti yenye nguvu. Kwenye boliti za Toyota utakuta mara nyingi namba moja tu. 4.6, 4.8, au kichwa kisicho na alama ni chuma laini. Boliti ya milimita 12 ya daraja la 8.8 huvumilia mvuto wa karibu tani 7 kabla ya kukatika. Ile laini huishia tani 3 na kitu. Mashine nyingi za shambani hutumia boliti laini kwa makusudi, ikatike yenyewe jiwe likinasa, ili mashine isivunjike. Chini ya Probox yenye watu, hiyo ndiyo boliti ya mwisho unayoitaka duniani.

Meno nayo yapimwe. Boliti nyingi za dukani za milimita 12 zina meno mapana ya 1.75, na za gari mara nyingi ni 1.25. Itaingia mizunguko miwili kwa vidole, kisha mtu ataleta spana na kuilazimisha, na meno ya krosmemba yatakwisha. Nunua iliyoandikiwa gari lako, pamoja na nati mpya kama ya zamani ni ya kujifunga.

Paka grisi kwenye shina la boliti na ndani ya kibomba, ili atakayeitoa baada yako akuombee dua. Meno yenyewe usiyajaze grisi, maana hufanya spana ikaze kupita kiasi bila wewe kujua.

Kisha shika jambo hili moja hata ukisahau mengine: ukazaji wa mwisho hufanywa gari likiwa limebeba uzito wake. Ukikaza huku gurudumu linaning'inia, raba ya bushi hufungwa katika hali hiyo, na gari likishuka inajipinda na kubaki imepinda siku zote. Baada ya muda mfupi wa kupiga matuta, bushi mpya imechanika na fundi analaumiwa kwa kuuza feki. Kama gereji haina shimo, weka jeki chini ya mkono karibu na boli-jointi, uinue hadi gari lianze tu kuachana na stendi, ndipo ukaze.

Kipimo cha kukaza kimo kwenye kitabu cha gari. Kwa boliti za aina hii mara nyingi ni kati ya Newton-mita 80 na 160. Huna spana ya kupimia? Azima mizani ya kuning'iniza ya wanunuzi wa mahindi. Ivute kwenye mpini, sentimita 50 kutoka katikati ya boliti, pembe mraba, hadi isome kilo 20. Hiyo ni karibu Newton-mita 100. Mizani hiyo imewapunja wakulima vya kutosha, na leo inaweza kufanya kazi ya haki.

Nenda Kiminini, urudi, kagua ukazaji. Kisha pima alaimenti, maana mkono mpya hausimami palepale pa zamani. Na boliti uliyoitoa, kama ilitoka nzima, ikate vipande viwili kabla hujamwachia mnunuzi wa chuma chakavu, isije ikasuguliwa, ikapakwa rangi ya fedha na kurudi rafuni.