Namna ya Kushinda Ubishi wa Subaru na Evo

Hatua ya kwanza ni kumnyamazisha anayetaja nguvufarasi. Yupo katika kila kijiwe, kwa kawaida ameegemea gari la mtu mwingine, na atakwambia kwamba Subaru Impreza WRX STI ina nguvu kuliko Mitsubishi Lancer Evolution, au kinyume chake, kutegemea mjomba wake anaendesha nini. Mwache amalize. Kisha mweleze kwamba tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 2004 watengenezaji wa Japani walikubaliana wasitangaze gari lenye zaidi ya nguvufarasi 280. Evo na STI ziligota hapo miaka nenda miaka rudi, zote zikiwa na injini ya lita 2.0 ya silinda nne yenye turbo, zote zikisukuma magurudumu manne. Kwenye karatasi hakuna mshindi, na hatapatikana hata mkibishana mpaka mwenye kibanda cha chai awafukuze.

Sasa atageukia mataji. Hapo usimkatize, maana ana haki ya kupiga kelele. Impreza WRX na Evo zote mbili zilianza kuuzwa 1992, na sababu yake ilikuwa moja: kanuni za rali za Kundi A zilimtaka mtengenezaji aunde magari 2,500 ya kuuzia watu kabla ya kulipeleka gari hilo kwenye mashindano. Ndiyo maana mtu wa kawaida aliweza kuingia dukani na kutoka na ndugu wa damu wa gari la bingwa. Colin McRae aliutwaa ubingwa wa dunia wa 1995 akiwa na Subaru. Tommi Mäkinen akajibu kwa ubingwa wa miaka minne mfululizo na Mitsubishi, 1996 hadi 1999. Subaru ikaongeza wa Richard Burns 2001 na wa Petter Solberg 2003. Minne kwa mitatu, atasema wa Evo. Wa Subaru atakumbusha kwamba ubingwa wa watengenezaji ulikwenda Subaru 1995, 1996 na 1997, na Mitsubishi ikapata mmoja, wa 1998. Wote wawili wamesema kweli.

Ukitaka kumaliza kelele hizo Afrika Mashariki, taja Safari Rally za ubingwa wa dunia na uwe umeyakariri majibu. Mäkinen alishinda 1996 na Evo. McRae alishinda 1997 na Impreza. Burns alishinda 2000 na Impreza, Mäkinen akarudi 2001 na Evo. Mbili kwa mbili. Halafu toa karata yako: 1998 Burns alishinda na gari lililoitwa Mitsubishi Carisma GT, na hilo lilikuwa Evo tupu, limebandikwa jina la kuuzia Ulaya. Tatu kwa mbili. Akikuletea Patrick Njiru, Mkenya aliyemaliza wa nne 1994 ndani ya Impreza, vua kofia, kisha umjibu kwa Joginder Singh, aliyeshinda 1974 na 1976 na Lancer, karibu miaka ishirini kabla ya Evo kuwako. Hapo mmefika pazuri, kwa sababu mnazungumzia barabara mnazozijua: vumbi, mawe, matope, na daraja lililobebwa na mto.

Kuhusu mlio, kuwa mkali. Ule mngurumo wa kukatakata unaowatoa watu nje ya nyumba usiku hautokani na nguvu. Injini ya Subaru ina silinda zilizolala, mbili kila upande, na mabomba yanayotoa moshi kwenye silinda hizo yalikuwa na urefu usiolingana, hivyo moshi unafika kwenye ekzosi kwa mapigo yasiyo sawa. Basi. STI za soko la Japani za miaka ya 2000 zilianza kufungwa mabomba ya urefu unaolingana, na mlio ukapungua huku gari likiitika haraka zaidi. Kwa hiyo kijana aliyekata ekzosi ya Forester yake ili asikike mtaa wa tatu anaweza kuwa anapiga kelele kuliko STI halisi iliyoegeshwa kimya kando yake. Masikio yakae nje ya mashindano haya.

Kipimo chenyewe ni kona mbovu. Mbio za kutoka sifuri hadi 100 hazitakusaidia: yote mawili hutumia kama sekunde tano, na katika barabara kuu za Kenya kikomo hakizidi kilomita 110 kwa saa. Tafuta siku ya uwanja au mashindano ya autokrosi, mahali ambapo hakuna bodaboda wala mtoto anayetoka shule, uombe kukaa hata kiti cha abiria. Angalia mambo mawili tu: gari linaingiaje kwenye kona, na linatokaje.

Evo inaingia kama imeitwa jina. Usukani wake ni mwepesi wa kuitika kiasi kwamba kuutikisa kidogo tu kunaligeuza gari zima. Kuanzia Evo IV ya 1996, Mitsubishi iliweka kwenye difu ya nyuma mtambo unaohamisha nguvu kutoka gurudumu moja kwenda jingine, hivyo gurudumu la nje linasukuma zaidi na pua inavutwa ndani ya kona. Evo VII ya 2001 ikaongeza difu ya kati inayoongozwa na kompyuta, yenye kitufe cha kuchagua lami, changarawe au theluji. Dereva wa kawaida anajikuta anaendesha vizuri kuliko alivyodhani anaweza. Evo IX ina uzito wa kama kilo 1,400, na STI ya wakati huo inakaribia 1,500. Tofauti hiyo unaihisi kila unapokanyaga breki.

STI inataka adabu. Injini imelala chini, na hilo linalituliza gari, lakini imekaa yote mbele ya ekseli ya mbele. Ukiingia kwa pupa, pua inakataa kona na inaendelea mbele na safari yake. Punguza mapema, subiri, kisha kanyaga mafuta kabla hujaona mwisho wa kona: magurudumu yote yanauma ardhi na gari linatoka kwa nguvu inayokufanya ucheke peke yako. Kuna kigurudumu kidogo karibu na gia cha kupangia difu ya kati, na dereva anayejua kukitumia ananogewa kuliko yeyote katika ubishi huu. Kwenye kona nasimama na Evo bila kusita. Kwa kutoka Nairobi hadi Eldoret, mvua ikinyesha na mama mkwe akiwa kiti cha nyuma, nataka STI.

Na sasa bei, ambapo mashabiki wengi hukumbuka ghafla kwamba wana miadi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Mitsubishi ilimaliza Evo na toleo la X, katikati ya miaka ya 2010, na STI ya mwisho ilikoma 2021. Maana yake Evo za Kenya ni zilezile zilizokwisha kuingia, zinapungua kila moja inapoangukia mtaroni, na wenye nazo wanajua. Spea pia zina upande. Injini za Subaru za ukoo wa EJ zimo ndani ya Forester, Legacy na Impreza zilizojaa mitaani, kwa hiyo Kirinyaga Road, Nairobi, hutakosa kitu. Injini ya 4G63 ya Evo utaikuta kwenye Airtrek ya turbo na magari mengine machache. Spea za difu utaagiza na kusubiri. Pampu inayoendesha difu hizo za Evo huliwa na kutu, na bei yake itakukosesha usingizi.

STI nayo isikudanganye. Uliza kama ni ya lita 2.0 au 2.5, kwa kuwa ile ya 2.5 inajulikana kwa kupasua pistoni ikichokonolewa ili itoe nguvu zaidi. Na soma namba ya chesisi kabla ya kusoma nembo: GDB ni STI, GDA ni WRX ya kawaida. CT9A ni Evo ya VII hadi IX, CS2A ni Lancer ya kupelekea watoto shule, hata kama imefungwa spoila ya kuanikia nguo.

Ukipata Evo IX yenye kumbukumbu za huduma na ambayo haijaguswa kompyuta, uza kiwanja cha pili uichukue. Usipoipata, chukua STI ya lita 2.0. Vyovyote iwavyo, nenda na fundi wako apime kompresheni ya silinda zote nne injini ikiwa moto, aulize mkanda wa taimingi ulibadilishwa kwenye kilomita ngapi, na aangalie rangi ya moshi gari linapowashwa baada ya kulala usiku mzima. Muuzaji akisema gari ameliwasha mapema ili usipoteze muda wako, gusa boneti kwa mkono, ushukuru, uondoke.