Probox ya Wamarekani

Hapa Kehancha gari huulizwa maswali mawili tu: linabeba watu wangapi, na je, spea zake zinapatikana Isebania? La kilomita kwa chaji moja hatujalifikia, maana Probox, gari letu la watu na mizigo, haijawahi kulazwa na waya ukutani.

Basi tuwatazame Wamarekani walivyohangaika na magari ya umeme. Chevrolet Bolt ilitoka Desemba 2016, ikienda kilomita 383 kwa chaji moja. General Motors, waundaji wake, ikanunua betri na mota kwa LG ya Korea, ikaunda gari fupi lililoinuka, lenye mlango mpana wa nyuma wa kupakia mizigo. Yaani Probox! Wenye pesa wakalikunjia pua.

Mwaka 2017 Tesla ikaleta Model 3: maridadi, imelalia barabara, dashibodi yote imehamia kwenye skrini moja katikati. Ukitaka kujua mwendo, geuza macho. Ukitaka kuelekeza upepo, gusa skrini. Vidole vyetu vya wakulima, vyenye utomvu wa tumbaku, vitajijua. Kiwandani, Elon Musk, mkuu wa Tesla, alijaza roboti mpaka kazi ikakwama. Mwaka 2018 akakiri kwamba alizidisha, akapiga hema nje ya kiwanda pale Fremont, akaita binadamu. Bei ya dola 35,000 aliyoahidi ilionekana 2019, ikatoweka kama mheshimiwa baada ya kura.

Bolt nayo haikutoka safi: mwaka 2021 zote zilirudishwa kwa ajili ya betri zilizoweza kushika moto.

Hata hivyo nachagua yenye mlango wa nyuma. Waheshimiwa waagizaji, tuleteeni gari la umeme linalomeza magunia ya mahindi. Skrini wauzieni wa Nairobi.