Ombi la Kuwa Mgeni

Kisawasawa,
Bonde la Kilombero,
Morogoro.

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Mamlaka ya Uwekezaji (ZIPA),
Zanzibar.

YAH: MAOMBI YA KUSAJILIWA KUWA MGENI

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkulima wa mpunga mwenye ekari mbili, mke mmoja na deni la mbolea. Wazazi wangu wamelala hapa hapa Kisawasawa, baina ya reli ya TAZARA na milima ya Udzungwa. Ni Mtanzania wa kuzaliwa, na hilo ndilo lililonifikisha kwenye barua hii. Kwa heshima na taadhima ninaomba Mamlaka yako inisaidie kuwa mgeni, ili uzee wangu nikaumalizie kisiwani kwenu kisawasawa, siyo kwa kubangaiza kama walivyohamia wenzangu.

Wazo hili lilinijia kupitia simu. Mpwa wangu, ambaye ni mpishi katika hoteli moja ya Paje, kisiwani Unguja, alinitumia tangazo la nyumba zinazouzwa huko. Nililisoma mara tatu, miwani ikiwa imefungwa kwa uzi. Tangazo linasema kwamba mtu kutoka nchi yoyote ya dunia akinunua nyumba ya kuanzia dola 100,000 katika mradi uliopitishwa na ZIPA, anastahili kibali cha ukaazi. Si yeye tu. Mwenza wake naye yumo, na watoto wanne walio chini ya miaka 20. Nikamsomea mke wangu. Akauliza, "Na wa tano wanamwacha wapi?" Sisi tunao sita, lakini hilo tutalizungumza tukishafika.

Sikukurupuka. Nilikaa chini ya mwembe na kalamu, nikapiga hesabu. Dola 100,000 ni kama shilingi milioni 250. Tuseme ekari zangu mbili zimenijalia magunia 30, na tuseme gunia limefika shilingi 80,000, jambo ambalo hutokea mwaka ambao mimi sina gunia. Hiyo ni milioni mbili na laki nne kwa mwaka. Nikiziweka zote, bila kula, bila kusomesha na bila kuugua, nitaifikia nyumba yenu baada ya miaka 104. Tatizo ni kwamba pango la nyumba zenyewe ni la miaka 99. Nitamaliza kulipa miaka mitano baada ya pango kwisha.

Ndipo nikafikiri njia nyingine. Kama siwezi kupata dola za mgeni, labda naweza kupata ugeni wenyewe, dola zikafuata baadaye.

Nikaenda kwa mtendaji wetu kuomba barua ya utambulisho. Ni binti mdogo, mwenye adabu, na muhuri wake hauishiwi wino.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nahitaji barua."

"Ya mkopo au ya msiba?"

"Ya kuwa mgeni."

Muhuri ukabaki hewani. "Mgeni wa nani, mzee?"

"Wa Zanzibar."

"Lakini Zanzibar wewe si mgeni. Wewe ni Mtanzania."

"Ndiyo maana nahitaji barua."

Akanitazama kwa huruma, akaniuliza kama nimekunywa dawa zangu za presha. Nikamweleza kwa utaratibu, kama ninavyokueleza wewe sasa.

Mpwa wangu ana miaka tisa Paje. Anajua kusafisha ngisi gizani umeme ukikatika, na wino wa ngisi usimguse shati. Anajua maji yanapwa saa ngapi bila kutazama bahari. Amejifunza kusema "eka" badala ya "ekari", na akija likizo tunamcheka. Lakini kila anapotaka jambo la kiserikali anaanzia kwa sheha, kueleza yeye ni nani, amefuata nini, na lini anaondoka. Akikamilisha yote, anachopata ni kitambulisho cha mkaazi asiye Mzanzibari. Kipande kidogo cha plastiki, na neno "asiye" limo ndani yake.

Mwaka jana alinipigia simu. "Mjomba, kuna mgeni wetu ana miezi minne hapa, anafanya kazi zake kwenye kompyuta. Leo kaniuliza kama mimi ni mwenyeji. Nikamwambia hapana, natoka Kisawasawa, Morogoro. Akanipigapiga begani, akasema: usijali, utapazoea. Mimi nimeshapazoea."

Simlaumu mgeni yule. Amepazoea kweli, kwa sababu kila mlango alioufikia aliukuta wazi. Mwaka 2022 mlitangaza Silicon Zanzibar ili mafundi wa teknolojia wa Afrika waje kufanyia kazi zao visiwani. Mauritius walikuwa wameshafungua viza ya mwaka mzima tangu 2020, na Kenya nao wakatangaza kibali chao mwaka 2024. Dunia nzima inamtafuta mtu mwenye kompyuta na mshahara wa mbali. Mimi ninao mshahara wa mbali pia. Uko mbali kiasi kwamba haujawahi kufika.

Hata bima nimeiangalia. Tangu Oktoba 1, 2024, mgeni anayeingia Zanzibar kutoka nje hulipia bima ya dola 44, inayomlinda kwa siku 92. Mtanzania hadaiwi. Wengine wangeshangilia, lakini mimi nimelitafakari. Maana yake mgeni akiteleza kwenye ngazi za boti pale Malindi, kuna shirika linalojua. Mimi nikiteleza, ni uzembe wangu. Nipo tayari kulipia bima hiyo kwa awamu, nikishavuna.

Sasa, Ndugu Mkurugenzi, nisije nikaonekana mtu asiye na haya. Najua kwa nini kisiwa kina milango. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 1,889,773 Unguja na Pemba, na visiwa havitanuki. Mzee wa kijijini kwenu aliyepewa eka tatu baada ya Mapinduzi ya 1964 amewagawia watoto, watoto wamewagawia wajukuu, na leo kila mmoja ana mnazi na nusu. Sisi wa Bara tuko makumi ya mamilioni. Tukiamua kuvuka wote kwa pamoja, mtalala mmesimama. Uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano, ardhi siyo, na aliyeiacha nje ya orodha alikuwa na akili zake. Ningekuwa Mzanzibari, nami ningeweka mlango.

Kinachonitatiza ni mlango wenyewe umeelekea upande gani. Kama hofu ni kwamba kisiwa ni chembamba, basi mwenye dola 100,000 ni mnene kuliko mimi. Mimi nikija nalala chumba kimoja na mpwa wangu, mchagoni kwake. Yeye anataka roshani inayotazama bahari, na chini ya roshani achimbiwe bwawa la kuogelea, hatua chache kutoka bahari hiyo hiyo. Mtaniambia kwamba yeye hapewi ardhi, anapangishwa tu kwa miaka 99. Hilo nalijua. Lakini babu yangu aliishi pungufu ya hapo, na hakuna aliyemwita mpangaji.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sheria nzuri, fupi, haihitaji wakili. Huko kwenu naona imekatwa vipande viwili. Mwenye dola amepewa zile siku mbili, zikarefushwa zikawa miaka 99, na jembe halijatajwa. Mpwa wangu amepewa jembe tangu boti ilipotia nanga, na zile siku mbili anazisubiri mwaka wa tisa huu.

Hapa mtendaji wetu alinikatiza. Ni binti mdogo, nimesema, lakini ana kumbukumbu.

"Mzee, na sisi je?"

"Sisi tuna nini?"

"Wafugaji wa mwaka 2012."

Nikanyamaza. Yeye wakati ule alikuwa bado shuleni, lakini aliona. Mwaka huo ilikuja Operesheni Okoa Bonde la Kilombero, mifugo ikaondolewa bondeni. Sababu zilikuwepo: ng'ombe walikuwa wengi, mito ilikuwa inakanyagwa, wakulima na wafugaji walikuwa wanaumizana. Lakini mimi nilisimama kando ya barabara, nikatazama makundi yakipita kwenye vumbi, nikasema kwa sauti, "Warudi kwao." Kwao wapi? Baadhi ya vijana waliokuwa wakiwaswaga wale ng'ombe walizaliwa bondeni humu. Mimi niliyesema hivyo sikuuliza hata jina la mmoja wao.

Basi nakuandikia nikiwa nimeinamisha kichwa kidogo. Kumuuliza mtu "kwenu wapi" hakukuanzia Unguja, hata Kisawasawa tunajua kuliuliza hilo, tena bila fomu.

Ila nasi tumewahi kupokea wageni vizuri, na ningependa liandikwe kwenye faili langu. Wachina walipojenga TAZARA, kuanzia 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, walipita hapa wakipiga kambi kwenye mvua hii hii na mbu hawa hawa. Hakuna aliyewaonyesha picha ya roshani. Mswisi Rudolf Geigy naye alikuja kufuata wadudu na maradhi yetu, na maabara aliyoianzisha Ifakara miaka ya 1950 ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara ya leo, ambako Watanzania wanawachunguza mbu kwa darubini. Wageni wale jembe lao walikuja nalo begani, na mpaka leo tunavuna walicholima.

Kwa hiyo, pamoja na ombi langu, naleta pendekezo la kibiashara. Ikiwa orodha yenu ya wageni imejaa, waleteni huku. Tunacho kisiwa. Ni cha msimu: masika yakikolea, bonde linageuka bahari, na sisi tuliojenga kwenye miinuko tunabaki tukipungiana mikono. Minazi yetu ni michache, lakini migomba imejaa. Ninyi mnaye kima punju katika msitu wa Jozani, sisi tunaye mbega mwekundu wa Udzungwa, ndugu yake kabisa, ambaye hahitaji kitambulisho cha aina yoyote. Tunayo maporomoko ya Sanje, mita 170, yanaanguka bure usiku na mchana. Joto lipo. Unyevu upo, shati halikauki. Hivyo vitu ndivyo ninavyoviona kwenye matangazo yenu, isipokuwa vyetu havijapigwa picha.

Masharti ya viza ya Kisawasawa ni haya. Ada ni salamu. Mwombaji anaruhusiwa kuja na mwenza, watoto wote hata wakifika kumi, na mama mkwe. Siku ya kwanza na ya pili atakula ubwabwa na kambale, na hakuna atakayemuuliza anaondoka lini. Siku ya tatu atapewa jembe, na mtu wa kumwonyesha mpaka wa shamba uko wapi. Akilishika, ni mwenzetu. Akilikataa, tutamsindikiza hadi kituo cha treni, na TAZARA itampa muda wa kutosha wa kubadili mawazo.

Naambatanisha nakala ya kitambulisho changu cha taifa, ambacho kinasema mimi ni raia wa Jamhuri ya Muungano, pamoja na barua ya mtendaji. Barua hiyo hatimaye aliiandika. Ina sentensi moja: "Anayetajwa hapo juu ni mwenyeji wa hapa, na anaomba apokelewe kama mgeni kokote aendako." Akagonga muhuri, hakunidai kitu.

Ndugu Mkurugenzi, sikuombi ardhi. Eka tatu za mzee yule zibaki za wajukuu wake. Sikuombi roshani wala bwawa, na pango la miaka 99 mpe mwenye miaka ya kulitumia. Naomba zile siku mbili, kwangu mimi na kwa mpwa wangu, na kwa kila aliyevuka maji kwa nauli ya shilingi akaenda kuwapikia na kuwalinda wale waliovuka kwa nauli ya dola. Siku mbili za kuulizwa "habari za safari" kabla ya kuulizwa "barua ya sheha iko wapi". Nami naahidi kwamba mfugaji yeyote atakayekatiza mbele ya nyumba yangu nitamuuliza jina lake kwanza.

Jembe la siku ya tatu msihangaike kulinunua. Nitakuja nalo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa mpunga,
Kisawasawa.