Mabehewa Manane Juu ya Kabati

Kwenye fleti ya vyumba viwili hapa London, kila kitu kina kitu kingine mbele yake. Reli yangu inalala juu ya kabati. Ili niishushe, sharti kwanza niondoe sanduku la mama mkwe. Sanduku nalo halina pa kwenda ila pale iliposimama meza ya kupigia pasi. Meza ya pasi ihamie koridoni, ambako kigari cha mtoto kimeshaziba njia. Na kigari hakisogei bila mke wangu kuuliza, "Baba Salma, tunahama?" Hapo ndipo naketi, jasho likinitoka, nianze mchezo wa kupanga mabehewa.

Mchezo huo ulibuniwa na Mwingereza Alan Wright, akauita Inglenook Sidings, na wapenda treni ndogo wamekuwa wakiuiga kwa sababu hautaki ukumbi. Wangu umeenea kwenye ubao wa sentimita 120 kwa 30. Kuna njia tatu zisizotokea kokote: moja inapokea mabehewa matano, mbili zilizobaki matatu matatu. Upande wa pili kuna kipande kifupi kinachotosha injini na mabehewa matatu, basi. Mabehewa yote ni manane. Unachomoa karata tano, kila karata na behewa lake, halafu unayapanga hayo matano kwenye njia ndefu kwa mfuatano uleule. Utamu wote umo katika ule ufupi. Kirefushe kile kipande, fumbo limekufa. Mipangilio inayowezekana ni 6,720. Ukifanya mmoja kila siku utamaliza baada ya miaka 18 na ushee, na Salma, ambaye sasa anatafuna karata zenyewe, atakuwa anaomba nafasi chuo kikuu.

Kwenye karatasi huu ni mchezo wa akili. Mezani ni vita na vumbi. Injini inanyonya umeme kutoka kwenye reli kupitia magurudumu yake sita, na pale njia zinapogawanyika pana kipande cha plastiki kisichopitisha umeme. Injini ikifika hapo polepole, kama inavyotakiwa, inazimika. Unaisukuma kwa kidole. Inakwenda sentimita mbili, inakutana na mafuta ya maandazi yaliyosafiri hewani kutoka jikoni, inazimika tena.

Dawa yake ni kufuta reli kwa spiriti. Ijumaa moja mzee wetu wa msikitini alipita kutujulia hali akanikuta nimeinama, kitambaa mkononi, sebule nzima inanuka.

"Shikamoo mzee. Nasafisha reli."

Akaangaza macho huku na huku akiitafuta. Dua aliyotuombea siku hiyo ilikuwa ndefu kuliko kawaida, na jina langu lilitajwa peke yake.

Mama mkwe, yeye, hababaishwi na treni. Ametoka Tanga, mji uliounganishwa na Moshi kwa reli tangu 1911. Alivaa miwani, akatazama mabehewa yangu yakiacha njia kila yanaposukumwa kinyumenyume, akauliza:

"Yanabeba nini?"

"Hayabebi kitu, mama."

"Ndiyo maana yanaanguka."

Nisingeweza kumbishia hata kama angekuwa si mkwe. Behewa jepesi likisukumwa kwenye kona hupanda reli, ndiyo maana mafundi wa mchezo huu hubandika vyuma vidogo chini ya mabehewa yao. Mama mkwe alikwenda jikoni akarudi na kunde. Akayajaza yale ya wazi, moja baada ya jingine, na yakaanza kwenda kwa adabu ambayo sikuwahi kuiona.

Mpaka kunde moja ilipodondoka. Pale penye kugawanyika njia kuna vyuma viwili vyembamba vinavyohama kushoto na kulia, na nafasi kati yake na reli inatosha kunde moja kamili. Chuma hakikufunga. Behewa likaingia njia ya pili kwa magurudumu ya mbele na njia ya tatu kwa ya nyuma, likakaa mshazari, mzigo wote ukamwagika kwenye zulia. Salma akafika kwanza. Tulizitoa mdomoni mwake kwa kidole, kunde baada ya kunde, reli ikingoja.

Jioni hiyo nilimsikia mama mkwe akizungumza na Tanga kwa simu, sauti juu kana kwamba simu haipo.

"Wazima wote. Mkwe wangu ana reli yake, ndiyo, humu humu ndani. Njia tatu! Haifiki popote, lakini inapata ajali."